Nyama Ilitundikwa Wapi

Bundi, msimamizi wa hospitali yetu, alikuja kwenye bucha akiwa na tabasamu lile lile alilokuwa nalo siku ya uzinduzi, akamwomba mwanangu amchinjie mbuzi wa wageni. Wageni wenyewe ni kamati kutoka Nairobi, inayozunguka nchi ikiuliza serikali ilifanya nini wakati wa Korona. Yaani watu wanakuja kuuliza kwa nini mume wangu alikufa, na kabla hawajauliza wanataka nyama, na nyama hiyo ichinjwe kwa mkono wa mtoto wake. Nilikuwa nyuma ya pazia nikichambua mchele. Kinyaa kilinishika, nikatoka nje kutema mate.

"Mbuzi ni za Njagi, analeta kutoka Kiambere," Bundi alikuwa akisema. "Wewe ni kisu tu. Hiyo kamati iko na Waislamu, lazima chakula ikuwe halali."

"Sawa," Mahmood akajibu.

Mwanangu ni mtu wa sawa. Bei ikipanda, sawa. Stima ikipotea, sawa. Mtu akija na meno nje kumkodisha kisu cha baba yake ili waliomuua baba yake wale wakashiba, sawa. Nilirudi kwenye mchele wangu nikatupa mawe na mchele pamoja.

Mji wetu unaitwa Kianthiga. Ukitoka Runyenjes unapanda kuelekea kwenye majani chai, na ukiona mnara wa msikiti mfupi kuliko miti inayouzunguka, umefika. Mtaa wetu ni Majengo, nyumba za mabati nyuma ya stendi, watu wa kila damu: Mnubi, Mborana, Mkamba, Mmeru aliyesilimu kwa ajili ya mke. Tunauza nyama, tunauza nguo, tunasukuma chapati. Mji mzima, Mkristo na Muislamu, unakula nyama iliyochinjwa na sisi, kwa sababu ndivyo imekuwa tangu zamani na hakuna anayeuliza. Mume wangu Khalifa ndiye aliyekuwa mchinjaji. Kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye mikutano ya wanasiasa, walimwita yeye.

Ndiyo maana walimwita siku ya uzinduzi wa mashine.

Ulikuwa mwaka wa pili wa Korona. Hospitali ilipakwa rangi upande ule unaoonekana kutoka barabarani, upande wa wodi wakauacha na ukungu wake. Nyuma walikuwa wamejenga kijumba cha mawe, paa jipya, sakafu ya vigae vyeupe, na ndani wakaweka mashine ya kutengeneza oksijeni. Redio ikasema hakuna mtu wa Kianthiga atakayekufa tena kwa kukosa pumzi. Njagi, mfugaji wa huko chini ukavuni Kiambere, akaleta fahali. Khalifa akamchinja nyuma ya hospitali, akamchuna, sasa ikabaki kutafuta mahali pa kutundika nyama ili ikatwe.

Bundi alisema itundikwe stoo ya jikoni. Khalifa akaenda kuchungulia, akarudi bila kuingia. Mle stoo kulikuwa na nguruwe walioletwa kutoka Kibugu kwa ajili ya wageni wengine, wametundikwa mpaka mlangoni. Khalifa hakupiga kelele, hakuwa mtu wa kelele. Alisema tu kwamba Majengo yote imealikwa na itakula, na yeye hawezi kuwalisha nyama iliyogusana na ile.

"Nyinyi watu mnakataanga kila kitu," Bundi akamwambia. Nilikuwepo, nimeshika ndoo ya chumvi. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Basi akatoa ufunguo akatufungulia mlango wa nyuma wa kile kijumba cha mashine. Kulikuwa safi na baridi, na darini kulikuwa na kulabu nene waliyotumia kunyanyulia mzigo wao. Mashine yenyewe ilikuwa bado imevalishwa plastiki yake, kama kochi jipya la watu wanaoogopa vumbi. Bomba zilitoka ukutani zikaishia hewani. Khalifa alitazama zile bomba, akasema labda fundi yuko njiani. Njagi akatusaidia kuinua, tukatundika, na Khalifa akaliviringisha gogo lake la kukatia nyama mpaka chini ya kulabu. Lilikuwa gogo la mwiria, mti mgumu, alilirithi kwa mjomba wake, katikati limelika likawa kama sahani.

Waheshimiwa walifika, wakasimama mlango wa mbele penye utepe. Mlango ulikuwa umefungwa. Hotuba zikasomwa, utepe ukakatwa, watu wakapiga makofi na vigelegele. Sisi tulikuwa upande wa pili wa ubao ule ule tukikata mbavu. Khalifa alisimamisha panga juu mpaka makofi yakaisha, kwa adabu, halafu akaendelea. Damu ilitiririka kwenye vigae vyeupe ikaingia chini ya mashine. Hakuna mheshimiwa hata mmoja aliyeomba kuingia aione hiyo mashine ikifanya kazi. Walitaka kujua kama pilau imeiva.

Jioni Khalifa alirudi kuchukua gogo lake akakuta pamefungwa. Akaenda kesho yake, na wiki iliyofuata, na nyingine. Kila akienda Bundi anamwambia neno lile lile: "Mzee, huko sasa kunatengenezwa oksijeni. Mtu haingii na vitu za damu." Khalifa aliona aibu kusumbua. Akajitengenezea gogo lingine la mgrevilea, laini, la kutoa unga wa mbao kwenye nyama, akawa analilaani kila siku. Lakini maneno ya Bundi aliyaamini. Hapo ndipo penye uchungu wangu wote. Aliamini mashine inafanya kazi kwa sababu walimkatalia gogo lake.

Alipougua, nilimpa habasoda na asali, nikamfukiza mvuke wa mikaratusi kama kila nyumba ilivyofanya. Pumzi ilipoanza kumkwama nilimwambia twende Embu, au tumtafutie hospitali ya misheni. Akakataa. "Hapa kuna mashine," alisema. "Nimeiona kwa macho yangu, Jamilah. Tutafute nini mbali?" Nikamkodia gari, nikamleta kwa mashine yake.

Wodi nzima ilikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni, na mtungi wenyewe ulikuwa kwa mama mmoja mjamzito. Niliuliza kuhusu mashine. Nesi, msichana mdogo ambaye baadaye walimhamisha mbali, alinivuta pembeni akaniambia haijawahi kuwashwa, tangu siku ile ya sherehe. Nilikwenda ofisini kwa Bundi nikapiga magoti. Nasema ukweli, nilipiga magoti kwenye mkeka wake wa mlangoni. Alikuwa kwenye simu, akanionyesha kidole nisubiri. Khalifa alikufa mchana huo huo akiwa amekaa, ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kukinyanyua.

Mahmood wakati huo alikuwa Nairobi, na Nairobi ilikuwa imefungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Akapiga simu hospitali. Bundi akapokea mwenyewe. Akamwambia mtoto wangu, mtoto ambaye hajamzika baba yake, kwamba oksijeni ilikuwepo tele ila mama yake alikataa mgonjwa asiwekewe. Ni mambo ya dini yao, alisema, hatungemlazimisha. Kisha akaliandika neno hilo kwenye ripoti ya kaunti, likawa la serikali. Lilishuka sokoni, likazunguka meza za nyanya na za sukuma wiki, likarudi kwangu limenenepa. Mimi ndiye yule mwanamke aliyemnyima mumewe pumzi kwa ajili ya habasoda.

Barabara zilipofunguliwa Mahmood alirudi. Hakunigombeza. Ningeshukuru angenigombeza. Alichukua kisu cha baba yake, akafungua bucha, na tangu siku hiyo hajaniita Mama. Ananisalimia, ananiletea unga, ananiuliza kama miguu bado inauma. Lakini neno lenyewe analiruka, kama mtu anayeruka mtaro wa mlangoni kwake kila siku bila kutazama chini. Nilimweleza mara moja jinsi baba yake alivyokufa, kutoka alipougua mpaka mwisho. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Sawa."

Sawa yake hiyo ndiyo imenizeesha.

Kwa hiyo kamati ilipotangazwa sikutaka fidia ya mtu wala pole ya mtu. Nilitaka waandike, na mwanangu akiwa anasikia, kwamba siku Khalifa alipokufa ile mashine haikuwa na pumzi ya kumpa mtu yeyote, basi. Nilitafuta wa kusimama nami. Nilikwenda kwa Mzee Suleiman wa msikitini, aliyeketi meza ya mbele siku ya uzinduzi na kuomba dua ya ufunguzi. "Dada Jamilah," akaniambia, "tusichokore mambo. Serikali ni serikali." Nilikwenda kwa majirani, wakakumbuka pilau vizuri sana, lakini hawakukumbuka kitu kingine chochote. Njagi nilimpata siku ya soko, shavu limejaa majani ya muguka ya kutafuna.

"Mama Mahmood, mimi nilikuwa nashika kamba tu," alisema akitazama ng'ombe wake. "Sikuona."

Aliona. Yeye ndiye aliyeinua paja la nyuma. Lakini yeye ndiye anayeiuzia kaunti wanyama wa kila sherehe, na macho yake yanajua pa kuangalia.

Siku ya kikao walisimamisha hema uwanjani mwa hospitali, hatua chache tu kutoka kile kijumba. Viti vya wakubwa vilivalishwa vitambaa na kufungwa utepe nyuma, mbele yao chupa za maji. Vya wananchi vilikuwa plastiki na baadhi vimevunjika mguu. Mbuzi wa Njagi walikuwa wamefungwa kwenye ua, wanalia. Mahmood alisimama karibu nao amevaa gamubuti, kisu kimefungwa kwenye gazeti, akingoja aambiwe aanze, maana wageni walitaka nyama iwe moto. Walichelewa mpaka jua likawa kali, wakashuka kwenye magari yao wakijinyoosha.

Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa Meru, Makandi, miwani myekundu, sauti ya mwalimu. Alisema wamekuja kusikiliza na kwamba hakuna aliye juu ya sheria. Tukapiga makofi. Sisi ni watu wa kupiga makofi sana.

Bundi akasimama kusoma ripoti ya kaunti. Alisoma kwa Kiswahili cha redio, akajisikia mtamu. Barakoa zilizogawiwa, sabuni zilizogawiwa, semina. Halafu: "Mtambo wa oksijeni ulianza kufanya kazi siku hiyo hiyo ya uzinduzi, saa nane mchana, na kuokoa maisha ya watu wengi. Kifo cha mwananchi mmoja kilitokea baada ya familia kukataa huduma kwa misingi ya imani." Hakunitazama. Wengine walinitazama. Nyuma yangu mwanamke mmoja akamwambia mwenzake kwa Kiembu kwamba ndiye huyu, na hata hakupunguza sauti.

Nikainua mkono. Nikaushusha, nikasimama tu.

"Mama, jina lako, na uwe mfupi," Makandi akasema.

"Naitwa Jamilah, mke wa Khalifa mchinjaji. Niko na swali moja kwa huyu Bundi. Siku ya uzinduzi, nyama ilitundikwa wapi?"

Watu wakacheka. Mmoja wa wakubwa akacheka pia, akafungua chupa ya maji.

"Madam Chair," Bundi akasema, "hii si kikao ya nyama."

"Mjibu tu, tuendelee," Makandi akasema bila kuinua macho.

"Ilikuwa jikoni. Nyama si inawekwanga jikoni?"

"Jikoni kwa ile stoo ilikuwa na nguruwe za Kibugu?" nikamuuliza.

Sikulipanga swali hilo kwa werevu, kama watu walivyosema baadaye. Nilitaka tu uongo wake uwe na mahali pa kukaa. Lakini nilipolisema watu wa Majengo waligeuziana nyuso. Viti vya plastiki viliacha kulia. Mzee Suleiman, ambaye alikuwa amelala usingizi kwenye kiti cha mbele cha heshima, alifungua macho.

"Ngoja kidogo," akasema. Akasimama, akaegemea fimbo yake. "Ngoja hapo, bwana Bundi. Mimi hiyo nyama nilikula. Nilikula na watoto wangu. Nyinyi wenyewe mlituambia iko halali. Ilikaa na nguruwe?"

"Mzee, keti tafadhali," Bundi akasema.

"Sikai. Ilikaa na nguruwe au haikukaa?"

Akasimama muuza mitumba, akasimama mwenye hoteli, akasimama yule jirani yangu asiyekumbuka kitu, sasa kumbukumbu imemrudia yote na mkono uko juu. Majengo nzima ilikuwa wima. Wanawake walikuwa wanapaza sauti ili wasikike. Miaka yote hiyo nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiwaambia mtu amekufa, mtu wenu, aliyewachinjia harusi zenu, na hakuna aliyeinuka hata kunimiminia chai. Sasa tumbo limeguswa, wote wako wima. Niliwatazama nikaona kinyaa kilichonishika kwa Bundi kinawatosha na wao, na kinabaki. Lakini sikuwanyamazisha. Nilihitaji kelele zao.

Bundi alijaribu kucheka. Uso ulikuwa umemwiva. "Hapana, wazee, hapana. Mnanielewa vibaya. Nyama yenu haikukaa na hiyo ingine. Khalifa alikataa jikoni, na mimi nikaheshimu. Niliwapatia mahali yenu, safi kabisa."

"Wapi?" Suleiman akauliza.

"Kwa ile nyumba ya..." akasema. Alikuwa ameona alipofika. "Kwa veranda. Veranda ya nyumba ya mashine."

Wazee wakageuka kumtafuta Njagi, kwa kuwa fahali alikuwa wake. Njagi alitazama mbuzi wake, akatazama wazee. Neno likitoka hapa kwamba wanyama wake hutundikwa pamoja na nguruwe, hakuna mchinjaji Muislamu kuanzia Embu mpaka Isiolo atakayeshika kamba yake tena. Akatema muguka chini.

"Si veranda," alisema. "Ni ndani. Hiyo ng'ombe ni yangu na mimi ndio niliinua mguu. Iliningʼinia kwa ile chuma ya juu ya mashine. Mashine ilikuwa imefungwa na karatasi ya nailoni. Haikuwa imekaa na nguruwe, wazee wangu, naapa."

Alikuwa anatetea biashara yake, huyu naye, lakini alikuwa amesema. Makandi alivua miwani. "Mlitundika nyama ndani ya nyumba ya oksijeni?"

"Kidogo tu, madam," Bundi akasema. "Tukatoa, tukasafisha, saa nane mashine ikawaka."

"Saa nane tulikuwa bado tunakata," nikasema. "Na gogo la mume wangu halijatoka humo mpaka leo. Kama ulitoa nyama ukawasha mashine, gogo uliliweka wapi?"

"Gogo gani?"

Hakuwa Bundi aliyeuliza. Ilikuwa sauti ya nyuma, na watu wakampisha. Mahmood alikuwa amekuja mpaka katikati ya hema na gamubuti zake, kisu bado kwenye gazeti.

"Gogo ya mzee?" akaniuliza. "Ile ya mwiria? Si alisema ilipasuka?"

Sikujua kwamba Khalifa alimwambia hivyo. Nadhani aliona aibu kumwambia mtoto kwamba amenyang'anywa gogo na watu wa ofisi.

"Haikupasuka," nikamwambia. "Ilifungiwa humo. Walimwambia haingii, kuna oksijeni."

Mahmood akamtazama Bundi. "Fungua," alisema. Hakuinua sauti wala kile kisu, na hata hivyo Bundi alirudi nyuma hatua moja. Akasema ufunguo uko kwa injinia wa kaunti. Makandi akamwambia basi tutakaa hapa mpaka injinia aje, hakuna kula. Wale wakubwa wengine waligeuka kumtazama Bundi kwa pamoja, na ufunguo ukapatikana mfukoni mwake mwenyewe, kwenye mnyororo mmoja na wa gari.

Mlango ulilia. Harufu ilitoka kwanza, ya panya na ya mafuta yaliyooza. Mashine ilikuwa palepale na plastiki yake, vumbi juu yake limekuwa blanketi, na upande wa chini wa ile plastiki kulikuwa na matone meusi ya damu ya fahali wa Njagi. Bomba zilitoka ukutani zikaishia hewani. Mabango ya uzinduzi yamekunjwa kwenye kona, nyuso za waheshimiwa zimetafunwa. Kulabu ilikuwa darini na kipande cha kamba. Na chini yake, gogo.

Mahmood alipiga goti. Aliweka kiganja pale katikati palipolika, halafu kidole kikaenda ukingoni, kwenye alama ya panga, ndefu, iliyopinda. Aliikata mwenyewe alipokuwa mdogo, siku ya kwanza baba yake alipompa panga, nusura apoteze kidole gumba. Khalifa hakutaka alama ile ikwanguliwe. Alikuwa akiwaonyesha wateja.

Kisha akainuka, akamgeukia Bundi aliyekuwa mlangoni.

"Uliniambia kwa simu alikataa," alisema. "Alikataa nini?"

Bundi alijifuta shingo. "Mambo ilikuwa mingi hiyo wakati, kijana. Kila mtu alikuwa anaogopa."

"Nauliza alikataa nini. Kwa hii?" Akaigusa plastiki, vumbi likamwagika. "Alikataa hii?"

Kijana wa kamati anayeandika alikuwa amesimama na kalamu, akauliza aandike vipi. Wakili wa kaunti, suti ya bluu, hakukawia. Akasema aandike kwamba mtambo upo, ni mzima, unasubiri tu kuunganishwa. Nilimtazama huyo mtu anavyosema mzima mbele ya plastiki yenye damu, mdomo wake msafi, meno yake masafi, na nilitamani kumpaka lile vumbi usoni. Makandi alisema, "Andika ulichoona." Alilisema vizuri, namshukuru. Lakini alilisema akiwa ameshika leso puani, na alikuwa wa kwanza kutoka.

Nje, mmoja wa wakubwa alikuwa akimuuliza Bundi kwa sauti ya chini kuhusu chakula. Sikukosea kusikia. Mlango wa kile kijumba ulikuwa bado wazi nyuma yake. Bundi akamwita Mahmood, akamwambia tafadhali aanze na hao mbuzi, wageni wana safari. Alimwambia hivyo, mtu yule yule, kabla jasho halijamkauka.

Mahmood alikwenda kwenye ua akafungua kamba, akamkabidhi Njagi. "Rudisha mbuzi zako nyumbani," alisema. "Hapa leo hakuna mtu wa kuchinja."

"Na wageni wakule nini?" Bundi akauliza.

Mahmood aliingia ndani, akaliinua gogo begani, mzigo ambao baba yake alikuwa akiuviringisha, akatoka nalo katikati ya hema. Suleiman alisimama kunipa mkono. Niliupita. Wakubwa waliletewa kuku wa kukaanga kutoka hoteli ya stendi, na tulipokuwa tukishuka barabarani niliwaona wananawa mikono kwenye yale madebe yenye bomba waliyotununulia wakati wa Korona. Ndiyo mara ya kwanza kuyaona yana maji. Ripoti yao haijatoka mpaka leo. Wanasema inachapishwa.

Tulitembea mpaka nyumbani. Watu wa sokoni walisimama kutuangalia, na yule mwanamke wa nyanya aliyependa zaidi kulizungusha lile neno akajifanya anapanga nyanya zake. Mahmood alilitua gogo uani. Gogo la nyama husuguliwa kwa chumvi kila jioni kazi ikiisha, na hili halikuwa limesuguliwa tangu siku ile. Damu ya sherehe yao ilikuwa imekauka juu yake ikawa ganda jeusi. Alikunja mikono ya shati, akachukua kile kisu ambacho hakikuchinja kitu siku hiyo, akaanza kukwangua. Alikwangua mpaka mti wenyewe ukaanza kuonekana, mwekundu. Mimi nilisimama mlangoni, sikujua niende ndani au nibaki.

Alinyoosha mkono bila kugeuka.

"Mama," alisema, "nipe chumvi."